Tarehe Kumi na Sita Januari

Watu wa Gatuanyaga walikuwa wamekubaliana kwamba Mama Tabitha, mamake Idah, hatakufa. Hawakupiga kura, lakini neno lilikuwa limetoka dukani likafika kisimani na kurudi, na neno likishazunguka hivyo huwa limekuwa sheria. Mama Tabitha alikuwa amewekewa betri kifuani, chini kidogo ya mfupa wa bega la kushoto, na mtu mwenye betri, walisema, atakufaje? Wengine walimwuliza kama huwa anaichaji. Mzee mmoja alitaka kujua yeye huhisi nini stima ikipotea. Mama Tabitha, aliyependa mzaha kuliko chai, alimjibu kwamba stima ikipotea yeye ndiye huwamulikia wenzake.

Idah, kifungua mimba wake, hakuwa akicheka sana. Yeye ndiye aliyeketi na daktari miaka miwili nyuma akaelezwa kwamba moyo wa mamake ulikuwa umechoka na kupanuka, na kwamba pande zake mbili zilikuwa zikipiga kila upande kivyake, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kusikizana. Pesimeka aliyowekewa, ile mashine ya betri yenye nyaya tatu, ilikuwa ya kuzipigisha pande hizo pamoja. Moyo wa namna hii hauponi, daktari alisema, unasaidiwa tu. Kuna betri na kuna vidonge, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Idah alilishika neno hilo lote. Mamake alishika nusu, ile nusu ya betri.

Kitinda mimba alikuwa Kagwe. Kagwe alikuwa fundi wa pikipiki, na fundi kwelikweli: pikipiki iliyowashinda wengine wote ilisukumwa hadi kwake, mradi ifike kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya saa nne Kagwe mwenyewe ndiye aliyehitaji kutengenezwa. Alikuwa ameachishwa kazi katika viwanda viwili kule Thika kwa sababu ya pombe, na mke wake alikuwa amerudi kwao akiwa na mtoto mgongoni. Zaidi ya mara moja Mama Tabitha alikwenda kumwokota kwenye mtaro akiwa na wilbaro, yeye na moyo wake uliopanuka, akamsukuma hadi nyumbani kwenye lile vumbi huku akimsalimia kila aliyepita kana kwamba amebeba viazi. Aibu alikuwa ameshaizoea. Hofu hakuizoea. Alijua kuna asubuhi moja atakayokwenda na wilbaro akute mwanawe ni baridi.

Januari ilipofika, kanisa lao lilitangaza siku ishirini na moja za kufunga na kuomba, kama kila mwaka. Kila mshirika aliandika ombi lake moja kwenye karatasi. Mama Tabitha aliandika neno moja, Kagwe, akaikunja. Mchungaji alisimama akasema wazi, mara mbili, kwamba wagonjwa wasijitese: wale chakula, wanywe dawa, Mungu si mkali kama wanavyomdhania. Mama Tabitha aliitikia amina pamoja na wengine.

Na ombi likajibiwa. Hapo hakuna wa kubisha. Kabla siku hizo hazijaisha, Kagwe aliamka akaisikia harufu ya keg, ile bia yake ya bei nafuu, kwenye shati lake mwenyewe, akatapika, na tangu siku hiyo hakuonja tena. Wiki ya kwanza alitetemeka hata akashindwa kushika spana. Wiki ya pili akaishika. Februari alisimama kanisani, mwembamba, shati limepigwa pasi, akasema, "Mamangu alinifungia. Mimi sina ingine ya kusema," akakaa chini, na kina mama wakaimba mpaka dari likataka kutoka. Mkewe alianza kupokea simu zake. Idah alikuwa amekuja kutoka Ruiru siku hiyo, na alilia kwa furaha bila kujificha, kwa sababu kwa miaka kumi alikuwa akiogopa simu ya asubuhi.

Idah aliuza mapazia Ruiru, mjini, kwenye chumba kimoja chenye cherehani mbili. Februari hiyo alikuwa na kazi kubwa, mapazia ya ukumbi wa shule moja huko Theta, na ilikuwa pia zamu ya mamake kwenda kliniki ya moyo kupimwa mashine. Alimpigia simu. Mama Tabitha akasema yuko sawa kabisa, mguu mwepesi, usingizi mzuri, wangoje tu zamu ya Aprili. Idah alimwuliza mara moja, hakumwuliza mara mbili. Ukweli ni kwamba lile jibu lilimfaa. Akarudi kwenye mapazia yake.

Pasaka alipokwenda Gatuanyaga alimkuta mamake amelala akiwa ameketi kwenye kiti, mito miwili mgongoni. Alisema akilala chali anahisi kama anazama. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa, na Idah alipoibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki hapo kwa muda mrefu. "Ni uzee," mamake alisema, akipumua katikati ya neno na neno. Kagwe ndiye aliyembeba kutoka kwenye gari hadi ndani ya kliniki kule Thika, na alipomweka kitandani akamwambia, "Mathe, umekuwa mwepesi. Unakulanga kweli?" Kisha akatoka akangoja nje, maana chumba kilikuwa kidogo.

Mtaalamu wa zile mashine aliitwa Mwendwa, kijana wa Kitui, mpole, mwenye kuongea polepole kama mtu anayevuka daraja la kamba. Alimwekea Mama Tabitha kifaa kidogo juu ya kifua, juu ya nguo, kisha akaanza kusoma kwenye kioo cha kompyuta yake. Alisoma kwa muda mrefu. Idah aliutazama uso wake, na aliona pale ulipobadilika.

"Mama," Mwendwa akasema, "mwezi wa kwanza kulikuwa na nini?"

Mama Tabitha alitazama dari.

"Kwa nini unauliza?" Idah akasema.

Mwendwa akamgeuzia kioo. "Mashine inaandikanga. Inaweka kila kitu. Mwaka jana ilikuwa inaongoza mapigo tisini na nane kwa kila mia. Hiyo ni poa sana. Sasa angalia hapa. Tarehe kumi na sita Januari, saa tisa mchana na dakika ishirini, sehemu ya juu ya moyo ilianza kutetemeka. Haipigi, inatetemeka tu, ovyo ovyo. Tangu hiyo siku haijarudi. Sasa mapigo mengine yanakuja mbio, yanapita mashine kabla haijafanya kazi yake. Imebaki hamsini na tano kwa mia. Nusu ya wakati moyo unajipigia tu vile unataka, na maji yanajaa kwa mapafu."

"Na nini husababisha hivyo?"

"Inaweza kuja yenyewe. Ama mtu akiacha dawa. Amekuwa akikunywa dawa?"

"Kila siku," Idah akasema.

Mamake akavuta leso akaifunika miguu yake iliyovimba.

Mwendwa aliwatazama wote wawili kwa macho ya mtu aliyeingia vyumba vingi vya namna hii. "Mimi naona saa tu," akasema. "Sababu siwezi kuona." Alibadilisha mipangilio, akaiongezea mashine mwendo kidogo ili ijaribu kuwahi mbele ya yale mapigo ya fujo, akaeleza kwamba hiyo si tiba, ni kusukuma siku. Kisha akatoka kumwita daktari.

Idah alivuta kiti akaketi karibu kabisa. Alikuwa na hasira, ile hasira ambayo ni woga umevaa koti. "Maitu," akamwambia mamake, "Januari ulifanya nini?"

"Nilifunga."

"Si ulisema unafunga nusu siku? Si ulisema unameza dawa?"

"Nilisema." Mama Tabitha alipumzika kidogo, akavuta pumzi. "Hiyo dawa ya asubuhi inataka chakula na maji. Mimi nilikuwa nimeahidi Mungu hakuna kitu inaingia kwa mdomo mpaka jioni. Na jioni, hiyo ya mkojo ingenimaliza kutembea chooni usiku. Nikaiweka yote kando. Nikasema si niko na betri. Betri haifungi. Mimi nitafunga, yenyewe iendelee na kazi."

"Mchungaji alisema wagonjwa..."

"Mgonjwa ni yule hana betri." Alisema hivyo kwa uso mkavu, na Idah hakujua kama ni mzaha. "Sikutaka kumpea Mungu nusu, Idah. Kwa Kagwe nilikuwa nimejaribu nusu miaka kumi."

"Na moyo ulipoanza kwenda mbio, hukusikia?"

"Nilisikia. Kama kuku amefungiwa kwa gunia. Lakini ilikuwa siku ya kumi na mbili. Ukiacha siku ya kumi na mbili umefanya nini?" Akashika ukingo wa kitanda. "Siku ya kumi na saba kijana akaamka, akaacha. Wewe ungeniambia nini?"

Idah alielewa sasa ile simu ya Februari, ule mguu mwepesi na ule usingizi mzuri. Mamake alikuwa amekataa kliniki kwa sababu alijua kile kidude cha kifuani hakiwezi kunyamaza kikiulizwa. Dawa alikuwa amezirudia Januari ileile, kufunga kulipoisha, lakini moyo ulikuwa umeshaonja kwenda ovyo na haukusikia tena.

"Kagwe asijue," mamake akasema.

"Maitu."

"Akijua atarudi. Unamjua. Atasema amemuua mamake, na hiyo chupa itamaliza yeye ndani ya mwezi mmoja. Sasa mimi nitakuwa nimefunga bure." Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi na umevimba. "Mwambie kitu ingine yoyote."

Hakutaja kirumi, ile laana ya mzazi anayeondoka ambayo huko kwao hata walevi huiogopa. Hakuhitaji. Idah alisema sawa, na aliposema hivyo bado alidhani ni siri ndogo ya kuwekwa mpaka mama apone.

Walimlaza. Daktari alieleza mpango wake bila kuficha: kuikausha miguu na mapafu kwanza, kisha kumpeleka Nairobi, huko kuna njia ya kuukata ule mtetemo usiteremke chini, ili mashine itawale moyo peke yake kama mwaka jana. Ulikuwa mpango mzuri, lakini ulitaka mtu anayeweza kulala chali. Sindano za kukausha maji zilifanya kazi siku tatu, kisha figo zikaanza kugoma. Wakipunguza dawa, mapafu yanajaa. Wakiongeza, figo zinalalamika. Mwendwa alirudi mara mbili na kile kifaa chake, akabadilisha hiki na kile, na mara ya pili aliondoka bila kusema mengi. Kagwe alikuja kila siku jioni baada ya kazi, mikono imesuguliwa kwa sabuni ya unga, akamlisha mamake uji kwa kijiko, akamsimulia pikipiki zote za siku hiyo. Mama Tabitha alimsikiliza huku akitabasamu. Alimtazama vile mtu anavyotazama shamba lake baada ya mvua.

Alikufa Jumanne ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, Idah akiwa peke yake naye. Hakukuwa na makelele. Pumzi ilikwenda ikirudi baada ya muda, kisha ikaenda haikurudi. Idah aliinua macho akaona kwenye kioo cha kupimia moyo, pale ukutani, kwamba kuna vistari vidogo bado vinachomoza, kimoja, kimoja, vimepangika vizuri kuliko alivyowahi kuviona, akamwita nesi akisema bado anapiga, bado anapiga.

Nesi alikuja, akamwekea Mama Tabitha vidole shingoni, akangoja. "Hiyo ni mashine, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Yenyewe inaendelea kugonga. Ni moyo umekataa kuitika." Akanyoosha mkono akakizima kioo. Idah aliketi tena. Alilia akiwaza kwamba kile kitu kilikuwa kikifanya kazi yake, kwamba hakikuwahi kuacha hata siku moja, na kwamba aliyeacha ni mwingine na alikuwa na sababu.

Walimzika Gatuanyaga siku ya Ijumaa, watu wengi, jua kali. Wale waliokuwa wamekubaliana hatakufa walikuja wakiwa na nyuso za watu waliodanganywa. Jioni, hema likishushwa, Idah alikuwa nyuma ya nyumba akiosha masufuria pamoja na tata Beth, dada ya mamake, na wake wa majirani wawili. Kule karibu na zizi, vijana waliochimba kaburi walikuwa wameketi kwenye magogo na kachupa kao ka pombe kakipita mkono kwa mkono.

Kagwe akaja. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imepita vidole. Akasimama mbele ya dadake.

"Idah. Nataka kukuuliza kitu, na unijibu ukweli."

"Uliza."

"Ile siku ya kliniki. Mlitoka kwa hiyo chumba mmenyamaza. Huyo Mwendwa hakuweza hata kuniangalia. Mashine ilisema nini?"

"Ilisema moyo umechoka."

"Wacha hizo." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Mathe alikuwa sawa Krismasi. Alicheza. Januari akafunga, na kutoka hapo hakuwa sawa tena. Mimi si mjinga. Ni mimi? Alinifungia mpaka ikamuua? Niambie tu. Ni mimi?"

Tata Beth aliacha kusugua. Idah aliona macho ya nduguye yakitoka kwake, yakaenda kule kwenye magogo, kwenye kachupa, yakakaa huko muda wa pumzi moja, yakarudi. Ilikuwa hapo tu, hatua thelathini. Alijua kwamba akisema ndiyo, ama akinyamaza muda zaidi, nduguye atatembea hizo hatua thelathini na hakuna wilbaro itakayomfikia tena.

Angeweza kusema ni Mungu. Kagwe asingekubali, kila mtu alikuwa amemwambia hivyo tangu Jumanne. Angeweza kusema ni mashine, lakini Kagwe alikuwa fundi, angetaka kujua iliharibika wapi, na kesho angekuwa mlangoni pa Mwendwa akiuliza. Lilibaki jambo moja tu ambalo angeliamini mara moja, kwa sababu ndani yake kulikuwa na ukweli.

"Si wewe," Idah akasema. "Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Alikuwa na kliniki Februari. Mashine ilikuwa inahitaji kubadilishwa mipangilio, kitu ya dakika kumi. Wangegundua mapema, wangeirekebisha, angekuwa hapa. Mimi ndio nilikuwa nimpeleke." Alikausha mikono kwenye leso. "Sikumpeleka."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na kazi. Yale mapazia ya shule."

Idah aliona ile lawama aliyokuwa amejitwika tangu siku ya kliniki ikimtoka nduguye, akaona pia inapokwenda. Ilikuwa inakuja kwake.

"Mapazia," Kagwe akasema.

"Ndiyo."

"Ulimwacha mama juu ya mapazia."

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Wake wa majirani waliinamia masufuria yao, na Idah akajua kwamba kabla ya Jumapili neno hilo litakuwa limefika dukani, kisimani, na kurudi. Kagwe aligeuka. Alipita karibu na yale magogo, kijana mmoja akamnyooshea kachupa akimpa pole, naye akapita kama hakuona mkono, akaingia nyumbani akafunga mlango. Idah akaketi chini pale pale kwenye maji ya masufuria. Tata Beth alimwuliza kama ni kweli alichosema. Akasema ni kweli.

Sasa ni Septemba. Kagwe hajapokea simu yake hata moja. Alimtumia ujumbe mmoja tu, Juni, kumwambia asije kupanda maua kaburini, atayapanda mwenyewe. Mkewe alirudi na mtoto, na Idah alizijua habari hizo kutoka kwa watu wengine. Kuna wateja wawili wa Thika ambao hawaji tena dukani, na yeye hawaulizi sababu. Usingizi wake ni mbaya, na mara nyingine katikati ya kushona huanza kubishana na mamake kimoyomoyo, akimwambia kwamba alipewa mzigo mkubwa kuliko aliokubali, na mamake, kama kawaida yake, hamjibu ila kwa ule uso mkavu.

Kila Jumatatu humpigia tata Beth. Jumatatu iliyopita tata alianza kwa kumgombeza.

"Idah, watu wanasema vibaya. Nenda uongee na ndugu yako. Mwombe msamaha, muishe hiyo maneno."

"Nitaenda, tata. Siku moja." Alisogea mbali na cherehani ili asikie vizuri. "Anakunywa?"

"Nani? Kagwe? Kunywa nini na yeye? Ata soda anasema inamsumbua. Jana alipeana ushuhuda tena, akasema vile mama alimfungia. Akataja mama, akataja bibi yake, akataja mchungaji." Tata Beth akashusha sauti. "Wewe hakukutaja."

"Sawa, tata. Asante."

Alikata simu. Alishukuru Mungu, na kushukuru kulimuuma, akasimama akiwa ameushika mlango mpaka machozi yakapungua. Ndani kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kuagiza mapazia ya sebule, na Idah akarudi akamwomba amtajie tena vipimo vya dirisha, maana mara ya kwanza hakuwa amevisikia.